Waya wa Harusi

Tangazo lilifika kwenye simu Jumatatu asubuhi: Alhamisi, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, umeme ungekatwa upande huo wa Msambweni ili nguzo zilizooza zibadilishwe. Mwalimu Mishi alilisoma mara mbili, kisha akaenda chumba cha nyuma kuangalia karatasi aliyoibandika kwenye mlango wa mashine ya kuangulia mayai. Jumatatu ilikuwa siku ya kumi na sita. Alhamisi ingekuwa ya kumi na tisa, siku ambayo kifaranga amekwisha kukamilika ndani ya yai na anajigeuza kutafuta pa kutobolea. Akikosa joto kwa muda wa saa nane siku hiyo, hatoboi.

Mashine ilikuwa na mayai mia mbili sitini na manne, na hakuna hata moja lililokuwa lake. Yaliletwa na wanawake wa mtaa, kila mmoja na mayai ya kuku wake, na kila yai liliandikwa herufi kwa penseli: U ya Ummi wa nyumba ya pili, K ya Kache anayekaa karibu na zahanati, M ya mke wa imamu. Baada ya wiki tatu mwenye mayai huja na kikapu kuchukua vifaranga, na katika kila watano mmoja humwachia mwalimu. Mpango huo haukuandikwa popote. Ulianza wenyewe, mwaka ule Mishi alipostaafu baada ya kufundisha fizikia miaka thelathini na mmoja.

Mara mbili mwaka huu umeme ulipotea bila taarifa, na mara mbili mayai yalipoa. Mishi aliwarudishia wenyewe yai kwa yai, akiita majina kama anayegawa karatasi za mtihani. Hakuna aliyemlaumu. Walisema ni mipango ya Mungu, wakamshukuru, wakaondoka. Lakini mashine ile hubeba mayai mia tano ishirini na manane, na safari hii ilijaa nusu tu. Mishi aliielewa hesabu hiyo kuliko alivyoyaelewa maneno ya shukrani. Mara ya tatu mashine ingebaki tupu, na mtu hawezi kumlazimisha jirani amwamini.

Kwa hiyo alikuwa amenunua jenereta, ndogo, ya kilowati mbili, kutoka kwa nyumba ya wageni ya Diani iliyokuwa ikifunga milango. Ilikuwa ya kuwashwa kwa ufunguo, haina kamba ya kuvuta. Ilikaa chini ya kibanda uani, hatua thelathini kutoka dirishani, kwa sababu ya moshi. Lililobaki lilikuwa moja: umeme wake uingie nyumbani kwa njia gani.

Sefu, mtoto wa mdogo wake, ndiye aliyefika wa kwanza, Jumatatu hiyohiyo alasiri. Alikuwa mtu wa miaka arobaini, fundi ambaye nusu ya nyumba za mtaa zilipitia mikononi mwake, na mwenye sifa ya kutokukwama.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Umekula?"

"Nitakula tukimaliza. Ni kazi ya dakika moja." Akatoa mfukoni waya mnene uliofungwa plagi huku na huku. "Kichwa kimoja kwenye jenereta, kichwa cha pili kwenye soketi yoyote ya ukutani. Nyumba nzima inawaka."

Mishi aliuchukua waya, akauangalia ncha zote mbili. "Kichwa kimoja kikishaingia kwenye jenereta, pini za kichwa cha pili zinakuwaje?"

"Zinakuwa na moto kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Mama mkubwa, usizishike tu."

"Haya. Umeme ukishaingia kwenye soketi, unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Halafu?"

"Halafu nini?" Sefu alikuwa amepita darasani kwake zamani, na uso wake ulianza kufanana na wa siku zile. "Unazima meni swichi kwanza, ili usitoke kwenda nje. Basi."

"Na nikisahau? Na nikiwa Kwale mjini, baba yako Boga ndiye aliye nyumbani, akasahau?"

"Mimi nishasahau," alisema Boga kutoka kwenye kiti chake chini ya feni. Mumewe Mishi alipika katika hoteli za Diani miaka ishirini na sita, mpaka kiharusi kilipomwachia mkono mmoja wa kutegemea, wa kulia. Ulimi hakikuugusa.

Sefu alicheka, kisha akajaribu tena. "Jenereta yenyewe ndogo. Haiwezi kubeba mtaa mzima. Hata moto ukitoka nje, unakutana na majokofu ya watu, jenereta inalemewa, inazima. Hakuna madhara."

"Siku ya kawaida, huenda. Alhamisi waya zitakuwa zimekatwa palepale nguzoni. Hakuna jokofu la mtu. Kuna transfoma tu, na transfoma haijui mbele wala nyuma. Ukiiletea volti mia mbili arobaini upande huu, inatoa elfu kumi na moja upande wa pili. Na upande wa pili kuna mtu amezishika waya kwa mikono."

"Mtu gani?"

"Katana wa Kache yumo kwenye kikosi cha kubadilisha nguzo. Nilimpigia asubuhi kuuliza kama saa zao ni za kweli."

 Katika trei ya tatu kulikuwa na mayai kumi na mawili yenye herufi K. Mishi alikuwa ametumia adhuhuri yote kulifikiria jambo hilo, na alilifikiria hivi: kuyaokoa mayai ya Kache kwa waya ule ilikuwa sawa na kumweka mwana wa Kache kwenye mizani. Hakulisema kwa sauti. Alimrudishia Sefu waya wake, akaenda kumpakulia chakula.

Jumanne alikuja Damaris. Huyu alikuwa fundi wa umeme katika hoteli moja ya Diani, mwenye leseni, mtu wa bara aliyehamia Ukunda miaka kumi na tano iliyopita. Binti yake alisoma kwa Mishi. Alikuwa na siku mbili za mapumziko. Sefu naye alikuwepo, ameketi kizingitini, mikono imefungwa kifuani.

"Shikamoo, mwalimu. Shikamoo, mzee. Sefu, niaje."

"Salama, fundi wa hoteli. Umeleta risiti au umeleta spana?"

"Nimeleta macho. Hebu nione hiyo waya yako yenye vichwa viwili, nimesikia habari zake." Aliuona, akaurudisha. "Kule kwetu kazini ukipatikana na hii unaandikiwa barua siku hiyohiyo."

"Huku kwetu hatuandikiani barua. Tunawasha taa."

Damaris alizunguka nyumba, akaufungua mfuniko wa kisanduku cha swichi, akahesabu breka, akauliza mashine inakula wati ngapi, kitalu cha vifaranga kina taa ngapi, pampu ya kisima je. Mishi alikuwa na majibu yote kwenye daftari. Kwa miaka miwili aliandika kila Ijumaa mita imesoma nini. Alimwonyesha fundi, kwa fahari kidogo, kwamba nyumba yake ilitumia chini ya vile alivyokadiria kwenye karatasi.

"Chini kiasi gani?"

"Moja ya tano. Niliiziba mashine vizuri kwa magodoro ya zamani. Joto halitoki."

Damaris alisoma safu ya namba mara mbili, akarudisha daftari.

"Ziko njia mbili za kufaa, mwalimu," alisema walipokaa. "Ya kwanza, unavuta waya mrefu kutoka kwa jenereta mpaka kwenye mashine moja kwa moja. Haugusi kisanduku kabisa. Ni salama. Lakini ni ya mashine tu, na kila stima ikipotea mtu abebe waya, afungue dirisha, achomoe, achomeke. Kwa Alhamisi inatosha. Ya pili, naweka swichi ya kubadilishia, na kisanduku kidogo kando yake cha zile laini unazohitaji: mashine, taa za vifaranga, pampu, jikoni. Zingine zinalala. Hiyo ni kazi ya siku nzima."

"Umeme ukikatika bila taarifa, nani atakuwa nyumbani?" Mishi aliuliza. Hakuwa akimuuliza Damaris. Alikuwa akijiuliza mwenyewe, na jibu alikuwa nalo: mara zote mbili mayai yalipokufa yeye alikuwa safarini, na Boga alikuwa kwenye kiti hichohicho.

Damaris alifungua mkoba, akatoa swichi mpya ndani ya boksi lake, akaiweka juu ya meza mbele ya mzee. Ilikuwa na kipini cheusi na alama tatu: moja, sifuri, mbili.

"Mzee, hebu geuza."

Boga aliishika kwa mkono wa kulia. Kipini kilipinga kidogo, kikaruka kwenye sifuri, kikapinga tena, kikaruka kwenye mbili. Akakirudisha. Akakipeleka tena.

"Nikitaka zote mbili pamoja?"

"Haiwezi. Ndani ni kipande kimoja. Kikishika huku, kimeachia kule. Hata ukiwa umesahau."

"Hii basi imetengenezwa kwa ajili yangu," alisema Boga.

Mishi alichagua hiyo. Hakuchagua kwa sababu ilikuwa nzuri zaidi. Alichagua kwa sababu ndiyo pekee iliyofanya kazi bila kumtegemea mtu akumbuke, na ambayo mtu mwenye mkono mmoja angeweza kuiendesha peke yake.

Jumatano asubuhi Damaris alianza kwa ile njia ya kwanza. Alivuta waya kutoka jenereta hadi kwenye mashine, akaiwasha, ili mayai yasipoe wakati wa kazi. Halafu akasimama mbele ya kisanduku na kuishusha meni swichi.

"Nyumba imezima," alisema. "Nafungua."

Alishika bisibisi, akausogelea mfuniko, na mkono wake ukasimama njiani. Nyuma yake, juu ya kichwa cha Boga, feni ilikuwa bado inazunguka.

 Mishi aliangalia swichi: ilikuwa chini. Aliangalia feni: ilikuwa inazunguka kwa kasi yake ya kila siku, na pindo la kikoi cha Boga lilikuwa likipepea.

"Hiyo feni ni ya betri?" Damaris aliuliza, ingawa alijua.

"Haina betri."

Damaris aliweka bisibisi chini, akatoa kipimo chake. Kwanza alikipima kwenye jenereta kuona kama kinasema kweli, kisha akarudi kwenye kisanduku. "Mia mbili thelathini na sita," alisema. "Meni imekata. Mita yako haileti kitu. Stima hii inatoka mahali pengine, mwalimu. Inaingia kwa mlango wa nyuma."

Alizishusha breka moja baada ya nyingine. Ya taa, hakuna kilichobadilika. Ya pampu, vivyo hivyo. Aliposhusha ya jikoni feni ilipunguza mwendo, ikasimama, na nyumba yote ikanyamaza, isipokuwa jikoni kwenyewe, ambako jokofu liliendelea kunguruma.

Walitoka nje, nyuma ya jikoni. Ukuta wa upande huo ulikuwa umefunikwa na mdodoki uliopanda mpaka kwenye mapaa, ukavuka ujia mwembamba juu ya vichwa vya watu, na kuangukia paa la Ummi. Mishi aliwahi kujiuliza mdodoki ule ulivukaje. Aliamini ulivuka wenyewe. Damaris aliyafunua majani kwa ncha ya fimbo. Chini yake kulikuwa na waya mweusi.

Sefu, aliyekuwa amewafuata ili aone fundi wa hoteli anakwama wapi, aliutazama waya ule kama mtu aliyekutana na jamaa yake mahali asipotarajia.

"Huo ni wangu," alisema.

"Wako vipi?"

"Wa harusi. Ya binti wa mama Ummi, ile ya mwaka juzi. Mama mkubwa, si uliniruhusu nivute taa za uwanjani kutoka jikoni kwako? Basi kila muziki ukipanda, breka yako ilikuwa ikikata. Wageni wamekaa, wapishi wako gizani, watu wananiangalia mimi. Nikauchukua upande wa pili wa waya, nikaunga na kwa mama Ummi, ili zisaidiane. Hazikukata tena mpaka bibi harusi akaondoka."

"Zisaidiane," Damaris alirudia.

"Wanawake walikuwa wameazimana masufuria na majiko. Nikaona na stima nayo ni hivyohivyo. Watu walinipongeza."

"Nami nakupongeza, uko hai. Ulibahatika nyumba zote mbili ziko fezi moja, laini moja ya nguzoni. Zingekuwa fezi mbili tofauti, hiyo harusi ingesikika mpaka Lunga Lunga. Na baada ya harusi?"

"Nilitoa taa." Sefu alijikuna shingo. "Waya niliuacha kidogo. Nilisema nitaurudia Jumatatu."

Mishi alikaa kwenye ngazi ya jikoni. Hakuwa mtu wa kukaa ovyo, na Damaris akamtazama. Lakini alikuwa anafuata njia ya umeme kichwani, kama alivyowafundisha watoto kuifuata ubaoni kwa kidole. Jenereta inawaka. Swichi mpya, nzuri, isiyosahau, inaifungia mita yake mlango. Lakini jikoni ni moja ya laini nne. Kutoka jikoni umeme unaingia kwenye waya wa harusi, unavuka ujia chini ya majani, unaingia kwa Ummi, unapita kwenye kisanduku cha Ummi, kwenye mita ya Ummi, unapanda nguzo. Pale juu yupo Katana. Wangefanya kila kitu sawasawa na bado wangemuua. Swichi ingefunga mlango wa mbele tu.

Kilichomchoma zaidi kilikuwa daftari. Miaka miwili namba zilimwambia kila Ijumaa kwamba nyumba yake inatumia chini ya inavyopaswa, na yeye, aliyewakatia watoto wa watu maksi kwa kutohoji matokeo, aliyapokea kwa sababu yalimsifu. Magodoro ya zamani. Alikuwa hata amewashauri wanawake wengine wazibe mabanda yao kwa magodoro.

"Mwalimu, uko sawa?"

"Niko sawa. Tumeiona Jumatano."

Hilo alilirudia moyoni: tumeiona Jumatano. Ilikuwa kweli inayotosha kumsimamisha, akasimama.

Sauti zao zilikuwa zimemtoa Ummi mlangoni kwake, buibui begani, mwiko mkononi. Alimwona Damaris na kipimo chake, akaona waya, akaona nyuso, akafikia uamuzi wake mwenyewe.

"Subhanallah, Mishi. Mwaniletea fundi nyumbani kwangu? Mimi nikuibie stima mimi? Mwanangu Sharif hunitumia tokeni kutoka Doha kila mwezi, sijapata kulala giza hata siku moja."

"Ummi, hakuna aliyesema umeiba. Kama kuna mwizi, ni mimi."

Akamweleza, taratibu, kutoka mwanzo: harusi, muziki, waya, nyumba mbili zilizoungwa zikawa moja pasipo mtu kujua. Mashine ya mayai inapofanya kazi mchana na usiku, sehemu ya umeme wake inatoka kwa mita yake mwenyewe na sehemu inavuka ujia kutoka kwa Ummi. Moja ya tano, kwa mujibu wa daftari.

Ummi alisikiliza mpaka mwisho. Mwiko ulishuka.

"Kwa hivyo," alisema, "yule Sharif anayenipigia simu kuniuliza, mama, umefungua kiwanda huko nyumbani..."

"Ndiyo."

"Nikaapa. Nikamwambia ni mita mbovu ya watu wa stima. Nikazima jokofu langu mwezi mzima, samaki wakaoza." Alianza kucheka, kwanza kwa mabega, kisha kwa mwili mzima, mpaka akaegemea ukuta. "Kumbe miezi yote hii mimi ndiye niliyekuwa nikiatamia. Nanyi hamkuniambia nikae vizuri."

"Utapata vifaranga vyako vyote safari hii. Sichukui cha tano."

"Chukua. Mimi si kuku, nisije nikazoea."

Kuukata waya kulichukua muda mfupi kuliko kuueleza. Damaris alizima kwa Ummi, akazima kwa Mishi, akapima pande zote mbili, akapima tena, kisha akampa Sefu koleo. "Wewe ndiye uliyeufunga. Ufungue wewe." Sefu alipanda ngazi, akaufungua ncha hii na ncha ile, akauchomoa mdodokini polepole asiuvunje mti wa watu. Alipomaliza aliukunja akautia begani. Halafu, bila kuambiwa, akatoa mfukoni ule waya wake wa vichwa viwili, akaweka kichwa kimoja katikati ya koleo na kukata.

"Hiki kingine kinafaa pasi," alisema.

"Hicho kinafaa pasi," Damaris alikubali, na akamwita amshikie kisanduku kipya ukutani. Walifanya kazi pamoja hadi jua lilipoelekea kuzama, wakibishana juu ya unene wa waya, na mara mbili Mishi alimsikia Sefu akiuliza swali na kungoja jibu. Kazi ilipokwisha Damaris alishusha meni swichi. Feni ilisimama. Akamwomba Boga ageuze kipini. Akarudi kwenye kisanduku na kipimo chake, akapima kipande cha waya kilicho kati ya swichi mpya na meni, ambako umeme ungepita kwenda nguzoni, huku jenereta ikinguruma. 

"Sifuri," alisema.

Mishi alichukua kalamu nene, akaandika kando ya kipini kwa mwandiko wa ubaoni: 1 NGUZO. 2 JENERETA.

Alhamisi umeme ulikatwa saa tatu na dakika nne. Boga aligeuza kipini mwenyewe, akawasha jenereta kwa ufunguo ambao Damaris aliuvutia waya mpaka kando ya kiti. Kipimajoto cha mashine kilishuka nusu digrii, kikapanda tena. Mishi aliliandika hilo.

Saa sita na nusu mtu alipiga hodi. Alikuwa Katana, kofia ngumu mkononi, mkanda wa kupandia kiunoni, vumbi la nguzo mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, mwalimu. Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

"Sikai. Nimesikia jenereta nikiwa juu, nikasema nishuke nione." Alilisema kwa adabu, kama mtu anayeomba maji ya kunywa, lakini macho yake yalikuwa yamekwisha kupata swichi ukutani. Aliikaribia, akaisoma, akafuata mabomba ya waya kwa macho mpaka dirishani. "Sisi hupima kabla ya kushika, mwalimu. Tena twaifunga laini na ardhi, moto ukija uzame chini. Lakini twapima saa tatu, na watu huwasha jenereta saa nne. Na kuna siku mtu ana haraka. Mwaka jana, upande wa huko juu, mwenzetu mmoja..." Akagusa kipini kwa kidole. "Nani amekufanyia hii?"

"Damaris wa Ukunda. Na Sefu."

"Sefu?"

"Na Sefu," Mishi alisema. Kisha akamweleza waya wa harusi, wote, pamoja na daftari na magodoro. Angeweza kuacha sehemu ya magodoro. Hakuiacha.

Katana alisikiliza, akageuza kofia mikononi mara moja, mara mbili. "Nguzo tunayobadilisha," alisema mwishowe, "ndiyo hiyo ya kwenu na mama Ummi. Nimeshinda juu yake tangu asubuhi."

"Najua. Nilikuona kutoka dirishani."

"Basi naenda kuimaliza." Alifika mlangoni akageuka. "Mama ameniuliza nikuulize mayai yake yanaendeleaje."

"Mwambie bado yana joto."

Alipoondoka, Mishi alijimiminia kikombe cha chai, akagundua kwamba tangu Jumatatu hakuwa amemaliza kikombe hata kimoja. Alikimaliza hicho, akajimiminia kingine.

Umeme ulirudi saa kumi na moja kasoro dakika ishirini. Waliujua kwa taa ndogo nyekundu ambayo Damaris aliiweka kwenye swichi, upande wa nguzo. Boga alizima jenereta, akashika kipini, akakitoa kwenye mbili. Kikaruka kwenye sifuri, na hapo mkono wake ukasimama.

Nyumba haikuwa na umeme wa mtu yeyote. Jenereta ilikuwa kimya, feni ilikuwa kimya, na hata feni ndogo ya ndani ya mashine, ambayo hawakuwa wakiisikia tena kwa kuizoea, ilikuwa kimya. Katika ukimya huo, kutoka chumba cha nyuma, sauti nyembamba ikalia. Ikajibiwa na nyingine. Kisha zikawa nyingi kiasi cha kutohesabika, nyuma ya mlango wa mashine, nyuma ya maganda, mapema kwa saa kadhaa kuliko karatasi ilivyosema.

Mishi alisimama na daftari wazi mkononi.

"Ya nani hayo?" Boga aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sijui. Sauti haikuandikwa herufi."

Walisikiliza.

"Boga," alisema Mishi, "geuza. Yanapoa."

Akageuza.